Refa siyo Pilato, Korogwe irudi kwenye maana ya neno

Neno 'refa' lina herufi nne tu, lakini kila Jumapili jioni hakuna neno linalobeba matusi mengi kama hilo kuanzia Manundu, Mtonga na Old Korogwe hadi kule Mombo na Magoma. Mtoto wa darasa la pili analijua. Mama anayeuza karanga pembeni ya uwanja analijua. Hata mpita njia asiyejua nani anacheza na nani, akisikia kelele zimepanda, anauliza swali moja: "Refa kafanya nini tena?"

Kila mtu anajua refa ni yule mwenye filimbi. Wachache sana wanajua neno lenyewe linasema nini. Na hapo ndo penye shida, kwa sababu ukilifungua neno hilo unakuta ugomvi mwingi wa viwanjani unatokana na watu kumdai refa kitu ambacho jina lake halijawahi kuahidi, huku wao wakimnyima kitu ambacho jina hilo linakidai kwao.

ANAYEPELEKEWA

Refa ni mtoto wa neno la Kiingereza 'referee'. Waingereza nao walilijenga kutoka 'refer', ambalo asili yake ni Kilatini, 'referre', yaani kurudisha au kupeleka jambo kwa mtu. Kile kimkia cha mwisho, '-ee', hubandikwa kwa mtu anayetendewa au kupokea tendo. Ndiyo maana 'employer' ni mwajiri, na 'employee' ni mwajiriwa.

Kiswahili hakihitaji hata kuazima ili kulieleza hilo. Kuna kupeleka, kuna kupelekewa. Refa ni mpelekewa. Ni mtu ambaye wawili wamevutana, wakashindwana, wakakubaliana kumpelekea yeye neno lao, na atakachosema ndicho hichohicho.

Wala neno hilo halikuzaliwa uwanjani. Katika karne ya 17 lilitumika kwenye siasa za Uingereza kwa watu waliopewa kazi ya kuchunguza maombi ya hati za biashara na kutoa maoni. Hawakuwa na filimbi, hawakuwa na kadi, hawakuwa na kaptula nyeusi. Walikuwa na kitu kimoja tu: wameaminiwa.

Vijana wa Korogwe waliopita vyuoni wanalijua neno hilo kwa upande huo pia. Kijana akiandika CV ya kuombea kazi, chini kabisa huweka 'referees' watatu. Pale humkuti adui yake hata siku moja. Anamweka mwalimu wake mkuu, mchungaji au shehe wake, bosi wake wa zamani. Anaweka watu ambao mwajiri akiwapigia simu, neno lao litabeba uzito.

Sasa kijana huyohuyo, mchana kamwandika 'referee' kwa heshima zote kwenye karatasi, jioni yuko pembeni ya chaki anamwita refa mwizi kabla mpira haujaanza. Neno ni lilelile. Kilichobadilika ni yeye.

Kuna neno jingine ambalo watu wa Korogwe wanalo mdomoni kila siku, nalo linasaidia. Ni rufaa. Mgonjwa akizidiwa Hospitali ya Magunga, anapewa rufaa kwenda Bombo, Tanga. Kiukoo, rufaa na refa si ndugu. Rufaa imetoka Kiarabu, kwenye maana ya kuinua au kupandisha. Lakini kwa kazi ni majirani wa ukuta mmoja. Yote mawili ni kupeleka jambo kwa mwenye uwezo wa kulimaliza.

Na hakuna familia inayompeleka mgonjwa Bombo halafu inasimama mlangoni kumwelekeza daktari akate wapi. Ukishapeleka, umepeleka.

ALIANZIA NJE YA MSTARI

Chama cha soka cha Uingereza kilipoandika sheria zake za kwanza mwaka 1863, refa hakuwemo. Mpira ulichezwa na watu walioaminiana, au angalau walijifanya wanaaminiana. Ukitokea ubishi, manahodha wawili walisogea pembeni wakaumaliza.

Halafu yakaja mashindano, na kombe likaleta uchu. Manahodha wakaanza kushindwana. Kila timu ikaja na mwamuzi wake mmoja, na kazi yake ilikuwa kusikiliza madai ya wachezaji na kuamua. Kombe la FA lilipoanza mwaka 1871, kanuni zake zilitaka waamuzi wawili na mtu wa tatu. Huyo wa tatu ndiye refa.

Alikuwa anafanya nini? Alikuwa amesimama nje ya uwanja. Hakukimbia na mpira, hakumfuata mtu na kadi. Waamuzi wawili wakikubaliana, yeye kimya. Wakishindwana, ndipo wanampelekea yeye, naye anatoa neno la mwisho. Jina lake lilikaa sawasawa na kazi yake.

Watu wa milima ya Usambara na mabonde yake hawahitaji kuambiwa habari hizo mara mbili. Kabla ya filimbi yoyote kufika, huku kulikuwa na Zumbe. Kesi za Wasambaa zilipanda mlima hadi Vuga, kwenye makao ya akina Kimweri. Baadaye Semboja, mtoto wa Kimweri, akashika nguvu zake Mazinde, ambayo leo iko ndani ya wilaya hii hii ya Korogwe.

Zumbe hakuzunguka vichakani kutafuta mbuzi wa nani kala mahindi ya nani. Alikaa, akapelekewa. Wenye shauri ndio waliofunga safari. Na kitendo chenyewe cha kufunga safari kilikuwa ahadi: nikishindwa, nitarudi nyumbani nimeshindwa. Mtu asiyekuwa na nia hiyo hakuwa na sababu ya kupanda mlima.

Refa wa kwanza wa soka alikuwa Zumbe wa namna hiyo.

FILIMBI ILIPOINGIA UWANJANI

Mwaka 1891 mambo yakageuka. Ndio mwaka ulioleta pia mkwaju wa penalti. Wale waamuzi wawili wa timu walisukumwa hadi pembeni, wakapewa mstari, na leo wajukuu wao ni vibendera. Refa akatolewa nje, akaingizwa katikati. Miaka mitatu baadaye akapewa mamlaka yote, asisubiri tena mchezaji aje na madai. Anaona, anapuliza, basi.

Mpira ukaenda kwa kasi, lakini jambo moja likapotea kimyakimya. Zamani neno lilimfuata refa. Sasa refa ndiye analifuata neno. Zamani alipelekewa na watu wawili waliokwishakubaliana kwamba atakachosema ni hicho. Sasa anaamua kabla hajaombwa, mbele ya watu ambao hawajakubaliana na chochote.

Jina lilibaki, makubaliano yakasahaulika. Tangu hapo dunia nzima inahangaika kumrudishia refa kile alichokuwa nacho bure alipokuwa amesimama nje.

Kadi ni jitihada mojawapo. Mwaka 1966 Uingereza na Argentina zilicheza Kombe la Dunia pale Wembley, nahodha wa Argentina Antonio Rattín akatolewa nje, akagoma kutoka. Refa alikuwa Mjerumani, mchezaji anaongea Kihispania, hawaelewani. Ken Aston, Mwingereza aliyekuwa msimamizi wa marefa, akawaza taa za barabarani: njano tahadhari, nyekundu simama. Kombe la Dunia la 1970 kule Mexico likaanza na kadi. Zilisaidia kuelewana. Hazikusaidia kuaminiana.

VAR ni jitihada nyingine. Ilipoingia kwenye Kombe la Dunia la 2018 kule Urusi, watu walisema ni jambo jipya kabisa. Kwa kweli si jipya hata kidogo. Ni yule mtu wa 1871 amerudi: amekaa nje ya uwanja, na aliyeko ndani akikwama anampelekea. Tofauti ni kwamba safari hii ana televisheni.

Na bado haikutosha. Mashabiki wa Yanga wa Korogwe hawajasahau usiku wa Aprili 5, 2024, kule Pretoria. Shuti la Stephane Aziz Ki likagonga mwamba wa juu, likadunda chini, VAR ipo, goli halikutolewa. Mechi ikaisha 0-0 na Mamelodi Sundowns wakapita kwa penalti 3-2. Hadi leo pale stendi ya Korogwe ukitaka mabishano ya bure, taja goli lile.

Kama mashine zote zile hazikuwafanya watu wamwamini refa, basi dawa haiko kwenye mashine. Iko kwenye neno.

HUYU PILATO KATOKA WAPI?

Kiswahili kina majina yake kwa mtu huyu, na kila jina lina tabia yake.

Lipo mwamuzi. Hilo ni jina zuri kuliko wengi wanavyodhani. Kuamua siyo kukata shauri tu. Kuamua ni pia kuwatenganisha wanaopigana. Watoto wakishikana mashati, mama anasema nenda kawaamue. Kwa hiyo mwamuzi ni mtu anayeingia katikati ili watu wasiumizane.

Lipo pia tendo, kuchezesha. Mswahili hasemi refa kahukumu mechi, anasema kachezesha mechi. Yaani bila yeye mchezo hauchezeki. Hiyo ni heshima kubwa, na imejificha kwenye neno ambalo watu wanalitamka kila wiki bila kulisikia.

Halafu lipo Pilato. Hili ni jina la magazetini na vijiweni. Mechi imekwenda vibaya, basi 'pilato' kaiharibu. Wengi wanalitumia kama utani tu, kwamba Pilato alikuwa hakimu. Lakini aisome mtu habari yake. Pontio Pilato alimsikiliza mshtakiwa, akaona hana kosa. Umati ukapiga kelele. Ukapiga tena. Akaita maji, akanawa mikono, akawapa walichotaka.

Pilato hakuwa hakimu aliyekosa kuona. Aliona vizuri kabisa. Alikuwa hakimu aliyeogopa kelele.

Sasa jiulize nani anamtengeneza Pilato viwanjani. Ni yule refa anayepuliza penalti ya kweli dhidi ya wenyeji huku watu mia mbili wamesogea hadi kwenye chaki? Au ni hao mia mbili? Umati unamwita refa Pilato halafu unafanya kila kitu ili awe Pilato kweli. Siku akikubali kuwa, unafurahi, unasema leo refa kachezesha vizuri.

VIWANJA VISIVYO NA UZIO

Oktoba 1, 2016, Simba na Yanga zilitoka sare ya 1-1 pale Uwanja wa Taifa. Ubishi wa goli la Amissi Tambwe, ambalo Simba walidai mpira ulikuwa umeguswa kwa mkono, pamoja na kadi nyekundu ya Jonas Mkude, uliishia mashabiki kung'oa viti. Huo ni uwanja wenye uzio, polisi, kamera na milango ya kutokea.

Mechi ya ndondo kijijini haina hata kimoja cha hivyo. Mstari ni majivu au chokaa, na shabiki wa mstari wa mbele kidole chake cha mguu kiko ndani ya uwanja. Refa kaja kwa bodaboda, na ataondoka kwa bodaboda hiyohiyo, akipita katikati ya watu haohao. Anajua hilo tangu dakika ya kwanza. Dakika ya 88, matokeo yakiwa sare, anajua zaidi.

Ligi Kuu ikiwa na utata, kuna Kamati ya Saa 72. Timu inaandika barua, inalipa ada, inasubiri. Yaani kuna mahali pa kupeleka. Kwenye Kombe la mbuzi au la seti ya jezi, mara nyingi hakuna mahali. Kamati ya mashindano ni watu watatu, wawili kati yao wana timu. Kwa hiyo lalamiko linapelekwa palipo karibu, nako ni shingoni mwa refa.

Haki itendeke kwa pande zote, marefa nao wana lao. Wapo wanaofika wamechelewa wakati timu zimeshapasha misuli. Wapo wanaochezesha bila kujua sheria 17 zimebadilika wapi, bado wanapuliza kuotea kwa kanuni za zamani. Na wapo waliokula chakula cha mchana nyumbani kwa kiongozi wa timu mwenyeji, wakapewa nauli na kiongozi huyohuyo, kisha wakaingia uwanjani.

Huyo wa mwisho hata kama ni mwaminifu, kazi imeshamshinda. Neno 'refa' linataka pande mbili zipeleke. Hapo upande mmoja ulishapeleka peke yake, tena kwenye sahani ya wali. Upande wa pili ukilia, una hoja.

Lakini dawa ya refa wa namna hiyo si kumpiga. Refa akipigwa, anayeacha filimbi mara nyingi si yule mlaji. Mlaji hana aibu, wiki ijayo yuko kwingine. Anayeacha ni kijana mwenye jina lake la kulinda, ambaye mke wake kamwambia, "Baba Fulani, kwa elfu kumi hiyo urudi umevimba jicho?" Ndo hivyo wazuri wanapungua na viwanja vinabaki na waliobaki.

Korogwe ikikosa marefa wazuri, haikosi marefa tu. Inakosa ligi. Na ikikosa ligi ya wilaya inayoeleweka, kijana mwenye kipaji wa Magoma au Mnyuzi hana mahali pa kuonekana hadi Coastal Union wasikie habari zake. Filimbi mbovu huku chini inaua wachezaji ambao hakuna atakayejua walikuwepo.

WARUDISHE KUPELEKA

Mengi ya kufanya hayahitaji fedha za mfadhili.

La kwanza ni nahodha. Kwenye Euro 2024 kule Ujerumani, marefa waliruhusu nahodha peke yake kwenda kuuliza uamuzi. Wengine wakimzonga refa, kadi ya njano. Ajabu ni kwamba huko ni kurudi 1863, manahodha ndio wenye neno. Kanuni hiyo inaweza kuanza Jumapili hii Mtonga bila kununua hata kalamu. Nahodha anasogea, mikono nyuma, anauliza, anajibiwa, anarudi kuwaambia wenzake. Huko ndiko kupeleka.

La pili ni posho. Anayemlipa refa awe kamati, si timu, na alipwe kabla ya mpira kuanza, mbele ya manahodha wote wawili. Refa asile kwa mwenyeji. Akitaka chai, anunue kwa mama lishe kama watu wengine. Ni jambo dogo, lakini wadogo kama hayo ndiyo yanayofanya watu wamwamini au wasimwamini.

La tatu ni kubadilishana. Siku hizi Korogwe na Handeni zinaunganishwa na lami. Fainali ya Korogwe ichezeshwe na refa wa Handeni, na ya Handeni ichezeshwe na wa Korogwe. Mgeni hana shemeji golikipa. Vyama vya soka vya wilaya hizi mbili vikikaa mezani siku moja tu, hilo limekwisha.

La nne ni mahali pa kupeleka malalamiko. Kila kombe, hata la mbuzi mmoja, liwe na watu watatu wasio na timu: mwalimu, mtendaji, mzee wa mtaa anayeheshimika. Timu iliyoonewa iandike karatasi moja ndani ya siku moja, ijibiwe kwa karatasi. Kama refa kakosea kweli, asimamishwe, arudishwe darasani. Watu wakijua kuna Bombo ya kumpeleka mgonjwa wao, hawatamtibu barabarani.

La tano ni wasichana. Februari 20, 2016, Jonesia Rukyaa alichezesha mechi ya Simba na Yanga, na Yanga wakashinda 2-0. Januari 18, 2022, Salima Mukansanga wa Rwanda akawa mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya AFCON ya wanaume, Zimbabwe na Guinea, kule Yaoundé. Korogwe ina shule na chuo cha ualimu, mabinti wanaojua mpira wamejaa. Kozi ya waamuzi ikija mkoani, majina yao yatoke huku pia, si ya kina kaka peke yao.

Na shabiki naye ana kazi yake. Si kunyamaza, mpira bila kelele ni msiba. Apige kelele, azomee, atanie, lakini abaki nyuma ya mstari. Ule mstari wa majivu ndio unaotenganisha anayepeleka na anayepelekewa. Akiuvuka, hakuna refa tena pale, kuna mtu mmoja mwenye filimbi na watu wengi wenye hasira.

Kombe lijalo likianza, kabla ya kurusha sarafu, manahodha wa timu zote mbili wapewe sentensi moja waiseme kwa sauti, mashabiki wasikie: "Tumekupelekea wewe." Asiyeweza kuisema arudishe jezi kwenye begi, aende nyumbani mapema. Atakuwa hajaja kucheza mpira.